Kiharusi Alichoandikiwa Mzee Timazi

Nilishasema sitaki kulisimulia hili. Mtu mzima umekaa kwako, magoti yanakuuma, unajiwa na kubembelezwa kama mtoto anayekataa dawa: shangazi tuandikie, shangazi wewe ndiye uliyekuwepo. Nyie mlisoma mpaka mkachoka, mimi herufi nimezijua ukubwani, nazipanda moja moja kama mbegu, halafu kalamu mnanipa mimi! Haya. Nitaandika. Lakini nitaandika ninavyotaka, na atakayeona neno limekaa upande alinyooshe kimya kimya, asinijie hapa na maneno.

Habari yenyewe ni ya mtoto mkubwa wa kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa mwashi. Watu walimwita Mzee Timazi, kwa ile kamba yenye kizito anayoining'iniza mwashi kujua kama ukuta umesimama wima. Ukuta ukipinda unene wa ukucha alikuwa anauvunja, mwenye nyumba apende asipende. Mke wake alitangulia mapema, akamwachia mabinti wawili, na hao nao aliwalea kwa timazi.

Mkubwa akawa muuguzi. Wodini walimwita Bi Mwandiko, maana herufi zake zilikaa kwenye mstari kama zimeshonwa. Mdogo akasoma zaidi, akawa daktari, na tangu siku aliyovaa koti jeupe jina alilopewa na wazazi wake likapotea. Nyumba nzima ikamwita Daktari. Daktari njoo ule. Daktari umeona kandambili zangu? Paka wetu angekuwa na ulimi naye angemwita Daktari.

Mgeni akifika, kaka yangu anamwekea mdogo mkono begani. "Huyu ndiye daktari wangu." Mgeni anatikisa kichwa, anasifu, anauliza amesomea wapi. Kisha mzee anakumbuka kwamba pembeni kuna mtu amesimama na sinia la vikombe. "Na huyu mkubwa naye yuko huko huko."

Huko huko! Kama benchi la kusubiria.

Bi Mwandiko alikuwa anaweka sinia chini, anacheka na wageni, anaingia jikoni. Jikoni hacheki. Huko anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Majirani nao hawakumsaidia. Mtu kashikwa na tumbo, anakuja kugonga mlango.

"Hodi! Daktari yupo?"

"Hayupo, ametoka. Kuna nini?"

"Ah, tumbo tu linanisokota."

"Ingia basi nikutazame, mimi nipo."

"Hapana, usijisumbue. Nitamsubiri." Na anakaa kibarazani na tumbo lake, anajikunja, muuguzi mzima amesimama mlangoni.

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Kijicho hakimwingii mtu kwa siku moja. Kinamwingia tone tone, kama paa bovu, mpaka siku anayoamka godoro limelowa.

Alichotaka Bi Mwandiko kilikuwa kimoja tu, na si koti wala mshahara. Alitaka baba yake amtaje. Amwekee naye mkono begani, aseme huyu ni nani.

Halafu Mungu naye ana mizaha yake. Daktari akapangiwa kazi hospitali ile ile, na kupita wodi ile ile ya wanaume. Nyumbani anaita "dada", kazini anaita "sista". "Sista, faili tafadhali." Mkubwa anatembea nyuma na mafaili kifuani, mdogo mbele na kipimo cha kusikilizia kifua shingoni. Mwandiko wa mdogo, niwaambieni, ni kuku aliyekanyaga masizi akakimbia. Watu wa dirisha la dawa walikuwa wanampelekea dada mtu karatasi awasomee. Anawasomea, na roho inamuuma, maana hata ubaya wa mwandiko ule watu waliuheshimu. "Ndio mwandiko wa kidaktari huo," wanasema.

Hapa lazima nieleze jambo la faili, msije mkapotea. Mgonjwa mmoja anaandikwa na watu wawili. Daktari ana ukurasa wake, anaandika huu ni ugonjwa gani. Muuguzi ana wake, anaandika huyu mtu yukoje: amelala, hakulala, ameshuka kitandani mwenyewe au ameshikwa, amekula, ametapika, anaogopa nini, anaumia akigeuzwa upande upi. Magonjwa yana majina, na mwenye kazi ya kuyataja ni daktari. Muuguzi anaandika alichokiona kwa macho yake. Bi Mwandiko aliyajua hayo tangu chuoni, na alikuwa hodari wake. Ukisoma ukurasa wake unamwona mgonjwa, unataka kumsogezea mto.

Lakini kijicho kikikaa machoni, cha kwako unakiona takataka. Kila akiandika "amekunywa nusu kikombe, anasema koo linawasha", anatupa jicho ukurasa wa pili, anaona mdogo wake ameandika neno moja, zito, la kizungu, na kila mtu analisimamia. Akaanza kuona aibu na nusu kikombe chake.

Siku moja akaingia mgonjwa anakohoa, mbavu zinapanda na kushuka. Bi Mwandiko kabla ya mtu yeyote akaandika upande wake: nimonia. Daktari akapita, akampima, akaandika nimonia. Kumbe! Siku hiyo mwanamke alirudi nyumbani anatembea kama aliyeokota pochi. Akarudia kwa mwingine, akapatia tena. Kidogo kidogo ukurasa wake ukakauka. Habari za koo na nusu kikombe zikapungua, majina ya magonjwa yakaongezeka.

Kulikuwa na muuguzi mwenzake wa kiume, kijana mrefu wa kuinama milangoni, wanamwita Mlingoti. Huyo mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Bi Mwandiko," akamwambia, "naona umeanza kujaribisha koti la mwenzio. Angalia lisikubane kwapa."

"Kwani nimekosea?"

"Hujakosea. Ila juzi nimesoma ukurasa wako wote, na mpaka sasa sijui yule mzee wa dirishani anaweza kwenda chooni au hawezi."

"Kamuulize mwenyewe."

"Ningemuuliza kila kitu mwenyewe, wewe ungekuwa unaandika nini?"

Akamsonya, akaondoka zake.

Basi tukafika kwa kaka yangu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Alikanyaga msumari, akautoa kwa koleo, akafunga kitambaa kilichojaa saruji, akaendelea kupanda ngazi. Mguu ukavimba kama gogo, homa ikapanda, tukambeba. Hospitali ile ina wodi moja tu ya wanaume, kwa hiyo hata kama haipendezi mtu kumhudumia mzazi wake, nani angemhudumia? Daktari akaandika kidonda, sindano, mguu usikanyage chini, na maji anywe kwa wingi. Kisha kesho yake akaitwa kwenye zahanati za pembeni, alale huko.

Bi Mwandiko akabaki na baba. Naye alifurahi. Moyoni alisema, sasa atanijua.

Akamwekea jagi la maji kichwani pa kitanda, akamletea na chupa ya kukojolea, maana mguu ule hauendi chooni.

"Baba, chupa yako hii hapa."

"Iweke huko."

"Ukibanwa uniite."

"Nikuite wewe?"

"Ndiyo, nikushikie."

Kaka yangu akamtazama kama anatazama ukuta uliopinda. "Wewe mtoto, una akili? Unishikie nini?" Wagonjwa wa jirani wakacheka mpaka vitanda vikalia. Mzee akageukia ukutani, akajifunika shuka mpaka masikioni.

Jagi likabaki limejaa. Mchana limejaa, jioni limejaa. Akisogezewa kikombe analowesha midomo, anarudisha. Bi Mwandiko hakuhitaji kuambiwa. Ni baba yake huyo, anamjua kuliko chumvi. Mzee hanywi ili asikojoe, na hataki kukojoa mbele ya mwanawe.

Akashika kalamu kuliandika hilo. Kalamu ikasita. Akamwona mdogo wake karudi, amesimama katikati ya wodi, watu wamemzunguka, anasoma kwa sauti: mgonjwa anaona haya kukojoa. Yeye aandike majina makubwa ya kizungu, mimi niandike mikojo ya baba? akawaza. Akaandika "hali nzuri", akafunga faili. Akamaliza zamu, akaenda kulala. Wa zamu ya usiku wakasoma hali nzuri, wakamwacha mzee alale.

Aliporudi asubuhi, mzee amebadilika. Macho yamezama. Anaita mchanga, anaita saruji, anamgombeza mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba matofali yake yamepinda, ayabomoe yote kabla tajiri hajafika. Maneno yanatoka yamevutana, ulimi mzito.

Mgonjwa wa kitanda cha pili masikini anajibu, "Nitabomoa, fundi, usijali."

Daktari hayupo mpaka mchana. Daktari mwingine yuko chumba cha upasuaji na mama mjamzito. Bi Mwandiko akamtazama baba yake kwa hofu, na chini ya hofu, nisiwafiche, kitu kingine kikainua kichwa. Ulimi mzito. Maneno ovyo. Mzee wa umri huu. Akachukua faili akaandika neno moja kwa ule mwandiko wake wa kushonwa: Kiharusi. Akapiga mstari chini yake. Mdogo wangu atakapofika atakuta nimeshamaliza, akasema moyoni. Baba akizinduka ataambiwa ni nani aliyeugundua.

Na mwenye kiharusi hapewi kitu mdomoni mpaka ijulikane kama anameza, asije akapaliwa. Kwa hiyo akatundika kadi kitandani: Asipewe chakula wala maji. Jagi akaliondoa.

Mlingoti akaja. "Kiharusi? Umeona nini?"

"Nimeona kiharusi."

"Mimi nakuuliza umeona nini, wewe unaniambia kinaitwaje."

"Mlingoti, huyu ni baba yangu, si wako. Nenda kafunge vidonda."

Akaenda. Bi Mwandiko alikuwa mkubwa wake kazini, na neno lililoandikwa vizuri vile nani atalibishia? Asubuhi nzima kila aliyepita alisoma kadi, akasikitika, akapita.

Saa ya kuona wagonjwa nikaingia mimi na chupa yangu ya chai. Kaka yangu alipoiona ile chupa alitoa ulimi. Ulimi ulikuwa kama kigae! Nikafungua kifuniko, na huyo Bi Mwandiko akanirukia.

"Shangazi, usimpe!"

"Mtu ana kiu huyu, huoni?"

"Ana kiharusi, shangazi. Nimeandika."

"Umeandika, nawe umemtazama?"

"Shangazi, naomba usinifundishe kazi mbele za watu."

Nikafunga chupa yangu, nikakaa. Mkono wa kaka yangu ukanishika kanga, na ulinishika kwa nguvu, niwaambie, kanga ilitaka kuchanika.

Ndipo Daktari akaingia, vumbi la njiani bado viatuni. Akasoma faili amesimama. Uso ukamshuka. Akainama kwa baba yake, akamwambia amminye vidole, mkono huu, na huu. Akamwambia acheke. Kaka yangu akamcheka na kumuuliza saruji imefika mifuko mingapi. Akamwinua mikono yote, miguu yote, hata ule mbovu. Nguvu ile ile. Akaivuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama kama hema. Akashika mapigo, akakunja midomo.

"Sista," akasema. Kisha akasema, "Dada. Jana alikunywa kiasi gani?"

Bi Mwandiko akaitazama ile kadi kitandani.

"Alikojoa? Mara ya mwisho lini? Umeandika hali nzuri, halafu kiharusi. Katikati hapa hakuna mtu. Mapigo yanakimbia, sijui kama ni kidonda kimeingia kwenye damu au ni nini. Nisaidie."

Bi Mwandiko alinieleza baadaye kwamba pale alikuwa na uwongo tayari mdomoni. Alikunywa jagi zima. Nani angejua? Mzee hana akili ya kukanusha. Angesema vile, kiharusi chake kingesimama, na mdogo wake angehangaika na damu na vidonda huku maji yanammalizikia mzee mwilini. Akamtazama Daktari amesimama na lile koti, anasubiri, mzuri, watu wote wanamwangalia. Akamchukia sana. Halafu akamtazama baba, anaramba midomo isiyo na mate.

"Hakunywa," akasema.

"Kwa nini hakunywa?"

"Ananionea haya. Hataki nimshikie chupa. Hanywi ili asibanwe."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoingia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuandika, dada?"

"Niandike wewe usome?" Sauti ilimtoka wodi nzima ikageuka. "Niandike mikojo ya baba, uje usimame hapa na koti lako usome? Wewe kila kitu umepewa, na hiki nacho nikupe?"

Daktari akageukia kitanda. Hapakuwa na wakati wa kujibizana. "Mlingoti, dripu! Toa kadi hiyo. Shangazi, lete hiyo chai, kijiko kwa kijiko, tuone anavyomeza."

Akameza. Alimeza kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Mlingoti akaning'iniza dripu, akavuta pazia, akatufukuza wanawake wote, na baada ya muda tukamsikia ndani: "Haya fundi, tuko wanaume watupu hapa, mwaga zege." Sijawahi kufurahia sauti ya mkojo namna ile maishani mwangu.

Bi Mwandiko alikuwa amekaa mezani na faili mbele yake. Akamwomba Mlingoti karatasi mpya, aanze ukurasa upya.

"Haibadilishwi, unajua," Mlingoti akasema, safari hii bila mzaha. "Piga mstari mmoja, uache lisomeke, utie sahihi."

Hiyo ndiyo sheria ya faili. Kosa halifutwi, linakatwa kwa mstari mmoja mwembamba, kila ajaye alione. Na neno lile alikuwa ameliandika kwa mbwembwe, lilijaa nusu ya mstari. Akalikata. Akatia sahihi. Sahihi ikatoka imepinda, kama ya mdogo wake.

Chini yake akaandika, akanisomea baadaye neno kwa neno: Mgonjwa hanywi maji tangu alazwe kwa kumwonea haya mwanawe. Ulimi mkavu, ngozi hairudi ikivutwa. Anaongea asiyoyajua. Mikono na miguu ina nguvu sawa. Ahudumiwe na muuguzi wa kiume, pazia livutwe kwanza, maji yasogezwe kila mara na yaandikwe. Daktari akavuta faili upande wake, akaandika mikwaruzo yake miwili mitatu, kwamba mwili umeishiwa maji, na kwamba kidonda kiangaliwe. Wakasukumiana lile faili bila kutazamana.

Kesho yake kaka yangu alikuwa amekaa kitako, anakosoa jinsi ukuta wa wodi ulivyopigwa lipu. Daktari akapita kumpima, akamfungua vifungo vya shati, akamsikiliza kifua, mgongo, akamgeuza, akamtazama mguu mpaka kwenye paja. Bi Mwandiko alikuwa kitanda cha jirani anatandika.

"Ahsante, Daktari wangu," mzee akasema. "Bila wewe ningekuwa chini ya udongo."

Nikaona mgongo wa Bi Mwandiko umekakamaa. Shuka alilokuwa analikunja akalikunja tena.

"Si mimi, baba," Daktari akasema. Namsifu kwa hilo, hakulazimika. "Ni dada. Ndiye aliyeandika kwa nini hunywi. Mimi peke yangu nisingejua."

Mnadhani mzee alishukuru? Alichachamaa! "Ameandika? Kwamba namwonea haya? Kwenye karatasi, watu wasome?"

"Ilibidi, baba."

"Mtoto huyu atanivua nguo kabla sijafa!"

Daktari akacheka. "Mbona mimi nimekufungua mpaka mapajani sasa hivi, na hukuona haya?"

"Wewe?" Kaka yangu akamshangaa kweli kweli. "Wewe ni daktari. Daktari mtu anamwonea haya ya nini, si mtu baki tu? Yule ni mwanangu."

Alisema vile na kurudi kwenye mambo ya lipu, hakujua amefanya nini. Daktari alibaki na ncha ya kipimo mkononi. Akakizungusha shingoni, kikateleza, akakizungusha tena. Bi Mwandiko aligeuka akauona uso wa mdogo wake. Ile sura hakuhitaji kufundishwa, alikuwa ameivaa yeye miaka yote.

Mngependa niwaambie alimkimbilia wakakumbatiana. Hakumkimbilia. Alifurahi. Alisimama pale na shuka lake akafurahi mpaka masikio yakamwaka moto. Baba hakumwekea mkono begani, alimtukana, lakini alimtaja, na mbele ya wodi nzima.

Kisha Daktari akasema, sauti imepungua, "Dada, naomba faili."

Hakusema sista. Bi Mwandiko akampelekea, lakini kwanza akalifungua kwenye ukurasa wake, ule wenye neno lililokatwa, asome hapo kwanza. Daktari akasoma mpaka mwisho. Alichukua muda. Kisha akafungua upande wake na kuandika kwamba mgonjwa akipata nafuu aruhusiwe kwenda nyumbani, na Bi Mwandiko, akiitazama ile kalamu inayoruhusu watu kwenda nyumbani, akahisi kile kidudu cha kijicho kinamng'ata tena, mahali pale pale.

Nimemaliza. Nanyi sasa mnanidai nini tena? Zamu yenu. Mimi nililazwa mwezi uliopita, na faili langu liko pale hospitali, kabati la pili. Jina la ugonjwa wangu nalijua, mlinisomea, msijisumbue nalo. Ninachotaka, mmoja wenu anayejua kusoma mwandiko wa watu aende akaombe ukurasa wa muuguzi, aje anisomee nao. Nataka kujua kama yule binti wa zamu ya mchana aliandika kwamba silalii ubavu wa kushoto, maana nilimwambia mara tatu. Na kama hakuandika, arudi akamwambie aandike, asimame pale pale mpaka aone wino.